Kozi ya Saketi na Elektroniki ya MIT: Inavyofundisha na Inavyopima, Kama Tulivyoiona Tanga

Kijana wa Tanga aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), au fundi sanifu aliyekwisha kuajiriwa kiwandani Pongwe, bandarini au kwenye mitambo ya umeme wa maji ya Hale na Pangani, anapotaka kusoma uhandisi wa umeme kwa kina bila kuacha mji na kazi, hana njia nyingi. Vyuo vikuu vinavyofundisha uhandisi viko Dar es Salaam, Mbeya na kwingineko, na kwa kawaida humtaka mwanafunzi awepo darasani na karakanani. Ndiyo maana vijana wetu wanaziulizia sana kozi za uhandisi zinazofundishwa na kupimwa kupitia intaneti. Mimi ni mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi, na swali ninaloletewa mara kwa mara ni hili: je, mtu anaweza kweli kuujua uhandisi kwa njia hiyo, na alama anazopewa na mashine zina maana gani?

Nitajibu kwa kuichambua kozi moja tu, ile ya Saketi na Elektroniki ya chuo cha MIT cha Marekani, ambayo nimeipitia nikiwa na kundi dogo la wanafunzi na mafundi wa hapa mjini. Nimeichagua kwa sababu kozi nyingi za uhandisi zilizokuja baadaye zimefuata muundo wake. Hukumu yangu ni kwamba ufundishaji wake ni bora kuliko wowote niliowahi kuuona wa somo hili, na upimaji wake ni wa haki kwa kile unachokipima. Lakini unachokipima ni hesabu na uchambuzi peke yake. Kazi ya mkono na uwezo wa kueleza njia havimo katika alama zake, na anayesoma akiwa Tanga lazima avitafute kwa mpango wake mwenyewe, la sivyo atamaliza kozi akiwa na cheti na asiweze kuipima saketi iliyo mbele yake.

Kwanza historia kidogo. Pale MIT somo hili lilijulikana kwa miaka mingi kwa namba 6.002, na ni somo la msingi kwa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme. Mihadhara yake ya ukumbini, ikifundishwa na Profesa Anant Agarwal, imewekwa wazi katika OpenCourseWare, mpango ambao MIT iliutangaza mwaka 2001 wa kutoa vifaa vya masomo yake bila malipo. Machi 2012 somo hilohilo likawa kozi ya kwanza kabisa ya MITx, mpango wa MIT wa kufundisha kupitia intaneti, likifundishwa na Agarwal pamoja na Gerald Sussman, Piotr Mitros na Chris Terman, na mwaka huohuo MIT na Harvard wakaanzisha edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ambako kozi ilihamia. Watu takriban 155,000 walijiandikisha katika toleo hilo la kwanza, na 7,157 ndio waliopata cheti. Baadaye kozi iligawanywa katika sehemu tatu: uchambuzi wa msingi wa saketi, kisha ukuzaji wa mawimbi pamoja na kasi na ucheleweshaji, na mwisho matumizi.

Pengo kati ya walioanza na waliomaliza limewafanya watu wengi waidharau elimu ya mtandaoni, na sioni kama wana haki. Kujiandikisha kulikuwa bure na kulichukua dakika chache, kwa hiyo wengi waliingia kutazama tu. Jambo ambalo msomaji wa Tanga anapaswa kulitilia maanani ni kwamba kozi inamtaka mtu atoe takriban saa 10 kila wiki kwa zaidi ya miezi mitatu, na hakuna mwalimu atakayemuuliza jana alikuwa wapi.

Sasa ufundishaji wenyewe. Somo halifundishwi kwa mhadhara wa saa nzima. Limekatwa vipande vya video vya dakika chache chache, ambamo mwalimu anaandika kwa kalamu kwenye kioo cha kompyuta huku akizungumza, na kati ya kipande na kipande kuna zoezi fupi linalomtaka mwanafunzi ajaribu kujibu kabla ya kusonga mbele. Muundo huu una sababu. Utafiti wa mwaka 2014 uliochunguza matukio milioni 6.9 ya kutazama video katika kozi kadhaa za edX ulionyesha kuwa umakini wa watazamaji hushuka sana video inapozidi dakika sita, na kwamba mwandiko wa mwalimu unaokua mbele ya macho huwashika zaidi kuliko kurasa zilizoandaliwa tayari. Sisi tunaofundisha kwa chaki tunalijua hilo la pili kwa uzoefu, na nimefurahi kuliona limepimwa.

Maandishi ya maneno ya mwalimu hupita kando ya video, na mwendo wa video unaweza kupunguzwa. Kwa wanafunzi wetu, waliozoea Kiingereza cha vitabuni kuliko cha masikioni, mambo haya mawili yana thamani kubwa sana. Nimemwona fundi wa makamo, mtu ambaye miaka yote amekuwa akijiona hana nafasi katika masomo ya juu, akirudia kipande kimoja kwa mwendo wa taratibu hadi akakielewa, bila haya ya kunyoosha mkono mbele ya vijana.

Lakini uzuri mkubwa uko katika maudhui. Katika shule na vyuo vyetu, kanuni za Kirchhoff hufundishwa kama amri: jumla ya mikondo inayoingia kwenye kiungo ni sifuri, jumla ya volteji katika mzunguko ni sifuri, andika, kariri, tumia. Kozi hii inaanza nyuma zaidi, kwenye milinganyo ya Maxwell, yaani kanuni za msingi za umeme na sumaku, na inaonyesha kuwa kanuni za Kirchhoff ni matokeo ya makubaliano matatu ambayo mhandisi anayakubali kwa hiari yake: kwamba hakuna uga wa sumaku unaobadilika nje ya vijenzi vya saketi, kwamba hakuna chaji inayojilimbikiza ndani ya vijenzi hivyo, na kwamba mabadiliko ya mawimbi ni ya polepole sana ukilinganisha na muda ambao wimbi linahitaji kuvuka saketi. Mwanafunzi akishayashika haya, anajua pia lini Kirchhoff hatumiki. Umeme wetu wa nyumbani ni wa 50 Hz, na urefu wa wimbi lake ni takriban kilomita 6,000, kwa hiyo nyumba yoyote ya Ngamiani, na hata laini nzima inayotoka Hale hadi mjini, ni ndogo mno mbele ya wimbi hilo. Kwenye 1 GHz wimbi lina urefu wa sentimita 30 tu, na hapo waya uliopo mezani tayari si waya wa kawaida. Niliwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo na nikaona nyuso zikibadilika, maana kwa mara ya kwanza walielewa kwa nini fundi wa redio na fundi wa umeme wa nyumba wanaogopa vitu tofauti.

Katika muhadhara wa kwanza wa ukumbini Agarwal anaonyesha mipaka ya makubaliano hayo kwa kupitisha umeme kwenye resista hadi inalipuka, na kwenye tango la achari hadi linawaka. Hesabu ya saketi inaweza kutabiri mkondo unaopita katika tango hilo, lakini haiwezi kutabiri mwanga wala harufu yake. Ni somo la dakika chache, na limewakaa wanafunzi kuliko ukurasa wowote wa nadharia.

Jambo la pili ambalo kozi inalifanya vizuri ni kuuweka umeme wa kidijitali na wa analogia katika hadithi moja. Transista ya aina ya mosfeti inaletwa kwanza kama swichi, kisha kama amplifaya, na baadaye inarudi ikiwa na kapasita ndogo, yaani kijenzi kinachohifadhi chaji, kwenye geti lake, mguu unaoitawala, na hapo mwanafunzi anagundua mwenyewe, kwa hesabu ileile ya resista na kapasita aliyoifanya wiki zilizopita, kwa nini kompyuta haiwezi kwenda kwa kasi isiyo na mwisho. Mitaala mingi huyatenganisha mambo haya katika masomo mawili yanayofundishwa na walimu wawili wasiozungumza. Hisabati inayotakiwa si ya kutisha: mwanafunzi wa PCM aliyeelewa utofautishaji, uunganishaji na milinganyo tofautishi ya darasa la hisabati ya juu anaiweza. Fundi sanifu asiyepita njia hiyo atahitaji msaada kuanzia kwenye kapasita na kuendelea, na namshauri asione aibu kuurudia upande huo wa hisabati kwanza.

Nije kwenye upimaji, ambao ndio unaoulizwa zaidi. Nitatumia mgawanyo wa alama wa toleo la 2012, kwa kuwa unaonyesha wazi fikra za waandaaji. Kazi za nyumbani zilibeba asilimia 15, maabara asilimia 15, mtihani wa kati asilimia 30 na mtihani wa mwisho asilimia 40. Kazi mbili zenye alama za chini kabisa hazikuhesabiwa, upande wa nyumbani na upande wa maabara vilevile. Daraja A lilianzia 87, B 70 na C 60.

Katika kazi za nyumbani mwanafunzi anaruhusiwa kujaribu tena na tena bila kikomo, na kila akibonyeza anaona papo hapo alama ya kijani au nyekundu. Kwa hiyo mtu mwenye subira anaweza kuzipata asilimia 30 za kazi na maabara karibu zote. Akishazipata, anahitaji 30 tu kati ya 70 za mitihani ili apite, yaani asilimia 43 hivi. Anayetaka A anahitaji 57 kati ya 70, ambayo ni zaidi ya asilimia 81. Maana yake ni kwamba cheti cha C kinathibitisha bidii zaidi ya umahiri, ilhali A ni alama ya kweli inayostahili heshima. Mwajiri wa Tanga anayeletewa cheti cha aina hii angefanya vyema kuulizia daraja lenyewe.

Je, majaribio yasiyo na kikomo ni udanganyifu? Wapo walimu wenzangu wanaosema hivyo, nami sikubaliani nao. Kazi ya nyumbani ipo kwa ajili ya kujifunza, na mwanafunzi anayeambiwa mara moja kuwa amekosa huku swali likiwa bado moto kichwani mwake hujifunza zaidi ya yule anayerudishiwa karatasi baada ya wiki tatu, wakati darasa limeshahamia mada nyingine. Katika vyuo vyetu hilo la wiki tatu ni jambo la kawaida, na linaumiza wanafunzi. Kwenye hili mashine imetushinda, na tunapaswa kujifunza kutoka kwake.

Namna mashine inavyosahihisha nayo inafaa kuelezwa, kwa sababu wengi hudhani kila swali ni la kuchagua A, B, C au D. Maswali mengi humtaka mwanafunzi aandike fomula yenyewe kwa herufi. Programu haisomi maandishi hayo kama mwalimu anavyoyasoma. Inazipa herufi zile thamani za kubahatisha mara kadhaa, inakokotoa fomula ya mwanafunzi na ya mtunzi wa swali, na majibu yakilingana kila mara inakubali. Kwa hiyo aliyeandika R1*R2/(R1+R2) na aliyeandika 1/(1/R1+1/R2) wote wanapata, na hata R1||R2 inakubalika kwa resista zilizo sambamba. Majibu ya namba yana nafasi ndogo ya kukosea kwa makadirio, na mwanafunzi anaweza kuandika 4.7k badala ya 4700 kama fundi anavyosema. Huo ni usahihishaji wa haki, usiojali mwandiko wala jina la mtu.

Kasoro yake ni kwamba hauna alama za njia. Mwanafunzi aliyepanga milinganyo yote ya nodi, yaani sehemu ambapo vijenzi hukutana, kwa usahihi akaangusha alama ya kutoa kwenye mstari wa mwisho, na mwanafunzi asiyejua nodi ni nini, wote wanaona wekundu uleule. Kijana mmoja wa kundi letu alilisema vizuri: "Mwalimu, imeniambia nimekosa, haijaniambia nimekosea wapi." Katika mtihani anapewa majaribio matatu kwa kila jibu, na hayo humsaidia aliyekosea alama ya kutoa, lakini humsaidia vilevile anayebahatisha. Na hakuna mahali popote ambapo mwanafunzi anatakiwa aeleze kwa maneno au kwa mchoro wake mwenyewe kwa nini amechagua njia fulani, wala atetee usanifu wake mbele ya mtu. Mhandisi wa kweli hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akifanya hilo hasa, mbele ya mkaguzi, mbele ya bosi, mbele ya fundi asiyekubaliana naye.

Dawa tuliyoitumia sisi ni ya kawaida kabisa. Kila mmoja alitakiwa afanye kazi ya wiki kwenye daftari, hatua kwa hatua, kabla ya kugusa kompyuta, na daftari lisomwe na mwenzake. Aliyepata kijani bila njia inayoeleweka alihesabiwa kwetu kuwa hajapata. Watu walinung'unika mwanzoni. Lakini huku kusomana ndiko kulikowapeleka mbali, na naona ushahidi mpana zaidi unaniunga mkono: uchambuzi wa wanafunzi wa toleo la 2012, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa waliosoma pamoja na mtu mwingine nje ya mtandao, awe mwanafunzi mwenzao au mjuzi wa somo, walitarajiwa kupata alama karibu tatu zaidi ya waliosoma peke yao.

Mitihani hufanywa nyumbani na vitabu vikiwa wazi. Katika toleo la kwanza mwanafunzi alipewa saa 24 tangu anapoufungua mtihani, na uaminifu wake ulilindwa na ahadi aliyoikubali mwanzoni. Kwa mji ambao umeme hukatika na bando huisha usiku, saa 24 ni utaratibu wenye huruma, kwani anayepoteza mtandao kwa muda hajapoteza mtihani. Kwa upande wa uthibitisho ni udhaifu, kwa sababu hakuna anayejua ni nani hasa aliyeketi kwenye kiti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye kituo chake hapa Tanga kama katika mikoa mingine, hufundisha kwa masafa na huwaita wanafunzi vituoni wafanye mitihani chini ya usimamizi. Mchanganyiko huo wa kusoma mbali na kupimwa mbele ya msimamizi naona ni wa busara, na kozi za uhandisi za mtandaoni zingekuwa na uzito mkubwa zaidi kwetu kama zingeufuata.

Jambo la kuzingatia ni saa. Muda wa mwisho wa kukabidhi kazi ukiandikwa kwa saa za dunia, UTC, ikumbukwe kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kazi inayofungwa 23:30 kwa UTC inafungwa kwetu saa nane na nusu usiku, na kichwa cha mtu aliyetoka zamu hakifai kitu saa hiyo. Ni bora kundi lijiwekee siku yake ya mwisho, mapema zaidi.

Maabara ndiyo sehemu iliyonifikirisha kuliko zote. Hufanyika ndani ya kivinjari cha kompyuta, kwenye karatasi ya mchoro ambapo mwanafunzi anavuta resista, kapasita, indakta, mosfeti na op-amp (amplifaya iliyo tayari ndani ya kijenzi kimoja), anaziunganisha kwa waya, kisha anabonyeza moja ya vitufe vitatu ili aone saketi ikiwa imetulia, ikipewa masafa mbalimbali, au ikibadilika kadiri muda unavyokwenda. Programu husoma matokeo ya saketi aliyoijenga na kuhakikisha yametimiza masharti ya swali. Hiki ni chombo cha thamani kubwa. Mwanafunzi anaweza kujaribu usanifu mwingi kwa jioni moja bila kuunguza kijenzi chochote na bila kutoa shilingi, na chuo kisicho na vifaa vya kutosha kinaweza kuwapa wanafunzi wake ladha ya usanifu ambayo hawangeipata kamwe.

Hata hivyo, kapasita za kwenye kioo ni kapasita kamili. Ile ya elektrolaiti tuliyoinunua dukani Ngamiani imeandikwa thamani yake ubavuni, na kwa kawaida inaruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 20. Resista za kawaida zina asilimia 5 au 10. Katika maswali ya kozi, volteji ambayo mosfeti inaanza kupitisha mkondo hutolewa kama namba moja safi. Lakini ukiifungua karatasi ya maelezo ya mosfeti ndogo ya 2N7000, utaona volteji hiyo inaweza kuwa popote kati ya 0.8 na 3. Amplifaya iliyopangwa vizuri kwenye karatasi kwa volti 1 inaweza kukaa kimya kabisa mezani. Hakuna swali hata moja la kozi linalompa mwanafunzi saketi isiyofanya kazi na kumtaka atafute kwa nini. Kwa fundi wa kiwanda cha saruji au wa korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, kutafuta kwa nini ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo kila maabara tuliyoimaliza kwenye kioo tuliirudia mezani siku za Jumamosi, kwa vijenzi vya dukani na vingine tulivyovitoa kwenye redio na vifaa vibovu. Kadi ya sauti ya kompyuta ndogo inaweza kufanya kazi ya osiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, kwa masafa ya sauti, yaani hadi 20 kHz hivi, mradi volteji inayoingia ipunguzwe sana na isiwe na uhusiano wowote na umeme wa ukutani. Nasisitiza hilo la mwisho kwa nguvu zote: volti 230 hazijaribiwi kwa kompyuta wala kwa mtu anayejifunza peke yake. Kazi ya kwanza iliyowafungua macho wanafunzi ilikuwa ya kuchora mkunjo wa kapasita inayochajiwa, kisha kuulinganisha na ule wa programu, na kueleza kwa maandishi tofauti zote walizoziona. Maelezo hayo niliyasahihisha kwa alama za njia.

Kuhusu gharama, mambo yamebadilika tangu 2012, wakati kila kitu kilipokuwa bure pamoja na cheti. Tangu mwishoni mwa 2018, edX ilianza kuwafungia kazi zinazohesabiwa alama wale wanaosoma bila kulipa, wakabaki na video na mazoezi ya kati. Nasikitika kusema kwamba kilichofungwa ndicho kile nilichokisifu zaidi, yaani kusahihishwa papo hapo. Asiye na uwezo anaweza kuchukua mihadhara, mazoezi na mitihani ya zamani ya 6.002 kutoka OpenCourseWare, ambayo hupakuliwa na kuhifadhiwa kwenye flashi bila malipo. Kwa watu wanaonunua intaneti kwa vifurushi hiyo ni nafuu kubwa, kwani mmoja hupakua na wengine wote hunakili. Mihadhara hiyo ni mirefu zaidi, na hakuna mashine ya kusahihisha. Hapo daftari la mwenzako linakuwa na kazi kubwa zaidi.

Cheti chenyewe kisichanganywe na shahada. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili mtu kwa sifa zinazotambuliwa, na kozi ya namna hii, hata ikiwa na A katika sehemu zote tatu, haimfanyi mtu mhandisi kisheria. Anayemwambia mzazi aliyeko Muheza au Korogwe kwamba ada ya kozi hii ni njia ya mkato ya kumfikisha mwanawe kwenye uhandisi, hamtendei haki. Faida niliyoiona ni nyingine: fundi aliyeongeza uelewa wa kazi anayoifanya kila siku, na kijana anayeingia chuo kikuu akiwa ameshalielewa somo ambalo wenzake wengi huliogopa.

Wanaosifu kozi hii hupenda kumtaja Battushig Myanganbayar, kijana wa Ulaanbaatar, Mongolia, aliyepata alama zote katika toleo la 2012 akiwa na miaka 15. Wengi hulisimulia jambo lake kama ushindi wa mtu mmoja na kompyuta yake. Lakini shule yake ilikuwa na mkuu aliyesoma MIT, Enkhmunkh Zurgaanjin, ambaye aliwapangia wanafunzi kuifuata kozi kwa pamoja, na akaja mwalimu kutoka Marekani akiwa na vifaa vya maabara ili vijana waguse walichokuwa wakikihesabu. Chuo Kikuu cha San Jose huko California nacho kiliitumia kozi hiihii muhula wa mwisho wa 2012 kwa namna inayofanana: wanafunzi walitazama video nyumbani na kutumia saa za darasa kutatua maswali pamoja na mwalimu. Waliofaulu walikuwa takriban asilimia 90, huku madarasa mengine ya somo hilo yakiwa chini ya asilimia 60.

Mipango hiyo miwili haihitaji fedha nyingi kuigwa hapa. Vyuo vya ufundi na shule zenye karakana mjini Tanga zina meza, mita na umeme, na mwishoni mwa wiki vyumba vingi hukaa vimefungwa. Chumba kimoja kikifunguliwa Jumamosi, kikawekwa osiloskopu moja na mwalimu wa kusoma madaftari, vijana wa kutosha watajitokeza. Tumeona hivyo kwa kundi letu dogo. Anayetaka kuanza kabla hilo halijatokea atafute mwenzake mmoja angalau, wapakue mihadhara ya OpenCourseWare, wafanye kazi za sehemu ya kwanza hadi kwenye mbinu za Thévenin na Norton za kurahisisha saketi, na ndipo waamue kama walipie kazi za alama. Walipie sehemu moja kwa wakati mmoja, na fedha ya sehemu ya pili wasiitoe kabla hawajajenga mezani amplifaya moja inayofanya kazi.